Kifundo cha Mguu na Njia ya Kivoi

Niliteguka mguu mwezi wa Desemba, kwenye mchanga wa mto Kaiti, Makueni. Nilikanyaga ukingo wa shimo la maji, ukingo ukabomoka, kifundo kikageuka. Kufikia jioni kilikuwa kimevimba kama kiazi.

Barafu, bandeji, inua mguu, tulia: agizo hilo lilienezwa na daktari Mmarekani, Gabe Mirkin, katika kitabu chake cha 1978. Kwetu barafu haikuwepo. Susu alichemsha maji, akatia chumvi, akanikanda. Nilipiga nduru, sitaficha, na kukanda siku ya kwanza siwezi kukutetea. Lakini siku ya tatu alinipa fimbo. "Tembea. Usikimbie, tembea tu."

Nilitembea hadi mwembeni, nikaketi na habari za Ludwig Krapf. Shuleni tulikariri kwamba tarehe 3 Desemba 1849 aliuona Mlima Kenya akiwa Kitui, basi. Safari hii nilisoma kwa kifundo. Kutoka Rabai hadi kwa Kivoi ni zaidi ya kilomita 300, nyika tupu, na Kivoi aliifanya njia hiyo kuwa biashara: misafara yake ilishusha pembe za ndovu hadi Mombasa. Pembe hazikuwa na magurudumu. Zilibebwa na watu, na mtu aliyeteguka katikati ya nyika alikuwa na kesi mbili, mguu wake na mzigo wake.

Mwaka 1851 Krapf alirudi. Karibu na mto Tana msafara ulivamiwa, Kivoi akauawa, Krapf akakimbilia vichakani peke yake. Alijaza maji kwenye mtutu wa bunduki, akauziba kwa nyasi, akawa anatembea usiku. Zamani hadithi hiyo ilinichekesha. Sasa niliutazama mguu wangu nikawaza: jiwe moja tu gizani, na kitabu chenyewe kisingeandikwa.

Mwaka 2014 Mirkin alibadili msimamo wake: barafu na kupumzika kabisa, alikiri, vinaweza kuchelewesha kupona. Nilimtafsiria Susu kwa Kikamba. Akanyamaza kidogo.

"Na miaka hiyo yote aliyokuwa akiwaambia watu walale," akauliza, "maji walichotewa na nani?"

Wiki ya tatu nilishuka tena Kaiti, na fimbo, na mtungi wa lita tano. Susu alibeba wa ishirini.