Neno Uhuru Katika Nchi ya Ihangiro

Neno uhuru limezoeleka mno vinywani mwetu, hata ni wachache wanaokumbuka kuwa hapo kale halikuwa neno la mataifa. Asili yake ni Kiarabu, na huko pwani lilimhusu mtu mmoja mmoja: aliye huru ni yule asiye mtumwa. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922. TANU, iliyozaliwa mwaka 1954, ndiyo iliyolichukua neno hilo na kulivika taifa zima.

Je, lilipofika Nshamba, katika nchi ya Ihangiro, lilimaanisha nini? Mhaya hupima hali yake kwa kibanja, yaani shamba la migomba na mibuni linalozunguka nyumba, ambamo pia wazee wake wamezikwa. Kwa desturi ya nyarubanja, Mukama aliweza kumpa mtu amtakaye eneo pamoja na watu waliokaa humo. Watu hao waliitwa batwarwa, na jina lenyewe lasema: watawaliwa. Walitoa sehemu ya mazao, na baadaye fedha, kwa ardhi ambayo pengine babu zao ndio walioifyeka. Kahawa ilipopata bei, nyarubanja ziliongezeka. Basi bendera ilipopandishwa tarehe 9 Desemba 1961, mtwarwa aliamka bado anadaiwa kodi ya kibanja. Mamlaka ya machifu yalifutwa mwaka 1963. Nyarubanja ikaja kuvunjwa kwa sheria ya mwaka 1965. Kwa maoni yangu, kwa mtwarwa mwaka huo ndio hasa wa uhuru.

Lakini hata hapo tusiharakishe kufunga kamusi. Kanuni za urithi zilizoandikwa mwaka 1963 zilimruhusu binti kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, si kuiuza. Mwaka 1988 bibi mmoja wa wilaya ya Muleba, aliyerithi ardhi kwa wosia wa baba yake, aliiuza kwa shilingi 300,000, kwa kuwa alikuwa amezeeka na hana wa kumtunza. Jamaa wa ukoo akamshtaki, na Mahakama ya Mwanzo ikabatilisha mauzo. Shauri lilipanda hadi Mahakama Kuu, Mwanza. Huko, mwaka 1990, Jaji Mwalusanya, akitegemea haki zilizotiwa katika Katiba mwaka 1984, aliamua kuwa mwanamke aweza kuuza ardhi ya ukoo kwa masharti yaleyale yamfungayo mwanamume. Jamaa yule alipewa miezi sita kuikomboa ardhi, kwa kulipa shilingi 300,000 zilezile.