Cartier: Jimbo la Mafundi Cherehani

Jimbo la uchaguzi si milki iliyozungushiwa kuta wala kijiji chenye kisima chake, bali ni hesabu ya watu iliyofanywa na serikali kwa muda, na muda ukiisha hesabu hufanywa upya, na jina lililotajwa bungeni kwa miaka mingi huweza kufutwa pasina nyumba hata moja kubomolewa. Ndivyo lilivyokoma jimbo la Cartier, katikati ya mji wa Montreal nchini Kanada, ambalo lilipeleka mjumbe katika Bunge la Shirikisho mjini Ottawa tangu uchaguzi wa mwaka 1925 hata lilipoondolewa mwaka 1968. Katika muda huo wote wabunge wake walikuwa sita tu, na wote sita walikuwa Wayahudi. Wanne miongoni mwao waliondolewa na mauti, na mmoja alivuliwa kiti akiwa kifungoni. Msomaji wa haraka akiona orodha hiyo atadhani kwamba jamii moja ilikuwa ikirithishana kiti kama shamba la ukoo, na kwamba siku ya kura haikuwa na kazi ila kuthibitisha lililokwisha kuamuliwa; lakini taarikhi ya jimbo lenyewe inashuhudia kinyume cha dhana hiyo.

Jina lake lilitokana na George-Étienne Cartier, mwanasheria na mwanasiasa wa Montreal aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa shirikisho la Kanada la mwaka 1867. Kwa eneo lilikuwa dogo mno, ila kwa watu lilikuwa limejaa tele. Uti wake wa mgongo ulikuwa Barabara ya Saint-Laurent, ipandayo kutoka upande wa bandari kuelekea kaskazini, ambayo kwa kawaida ya mji ilihesabiwa kuwa mpaka baina ya wasemao Kifaransa, waliokaa mashariki, na wasemao Kiingereza, waliokaa magharibi. Wageni waliofika kwa meli, wasiokuwa wa upande huu wala wa ule, walitua pale katikati. Na wengi katika hao, tangu miaka ya mwisho ya karne ya kumi na tisa, walikuwa Wayahudi waliokimbia dhuluma na ufukara wa dola la Urusi na nchi jirani zake, wakaja na lugha yao ya Kiyidi, masinagogi yao, magazeti yao na khitilafu zao za siasa.

Kazi iliyowapa riziki ilikuwa kushona nguo. Katika majengo marefu ya Saint-Laurent kila orofa iliweza kuwa na karakana yake: huku mkataji akipitisha kisu katika matabaka ya kitambaa yaliyolazwa mezani, kule mafundi wa cherehani wakiunga mikono na kola, na mwishoni kabisa, penye mvuke na joto, wapiga pasi wakilainisha makoti ambayo wao wenyewe hawakuwa na uwezo wa kuyanunua. Ujira aghalabu ulihesabiwa kwa kipande na si kwa saa, na kazi ilikuwa ya misimu, hata fundi aliyekesha kabla ya majira ya baridi aliweza kukaa bure miezi iliyofuata. Mwenye karakana naye mara nyingi alikuwa Myahudi aliyetangulia kufika kwa miaka michache tu, na huyo na fundi wake waliweza kusali katika sinagogi moja siku ya Sabato, kisha wakagombana Jumapili juu ya senti chache za kipande. Mwaka 1937 maelfu ya washona magauni, wengi wao wasichana wa Kifaransa wa Kanada, waligoma kwa muda wa majuma matatu hivi, na miongoni mwa waliowapanga alikuwa Léa Roback, mwanamke wa Kiyahudi aliyeweza kuhutubia kwa Kifaransa, kwa Kiingereza na kwa Kiyidi. Katika mgomo ule mstari uliotenga watu ulipita baina ya mwajiri na mwajiriwa, wala haukupita baina ya dini na dini.

Watu hawa walikuwa wapangaji, na kwa desturi ya Montreal mikataba ya nyumba ilikwisha kwa pamoja mwishoni mwa Aprili, basi kila tarehe mosi Mei mitaa ilijaa mikokoteni na magodoro, na vitanda vikashushwa kwa kamba kando ya zile ngazi za chuma zilizojengwa nje ya nyumba. Kuandikisha wapiga kura katika mitaa ihamayo namna ile halikuwa jambo jepesi. Waandikishaji walipita mlango kwa mlango kabla ya uchaguzi, lakini orodha ilichakaa upesi, na jina la aliyehama au aliyekufa lilibaki likingoja mtu wa kulitumia. Na Montreal ya siku zile ilikuwa na sifa mbaya ya watu waliolipwa kwenda kupiga kura kwa majina ya wengine. Fauka ya hayo, mshonaji wa kike alikuwa na haki nusu: tangu mwaka 1918 wanawake waliruhusiwa kuchagua mbunge wa Ottawa, ilhali katika uchaguzi wa mkoa wa Quebec hawakupata kura mpaka mwaka 1940.

Mbunge wa kwanza alikuwa Samuel Jacobs, wakili wa Chama cha Liberal, ambaye tangu mwaka 1917 aliwakilisha jimbo lililotangulia la George-Étienne Cartier. Alitetea milango ya nchi ibaki wazi kwa wahamiaji, na tangu mwaka 1934 alikuwa rais wa Kongamano la Wayahudi wa Kanada. Alipofariki mwaka 1938 alifuatwa na Peter Bercovitch, wakili mwingine wa chama kile kile, aliyekuwa amekaa miaka 22 katika bunge la mkoa. Hawa walikuwa waungwana waliojua kuzungumza na wakubwa, na kwa muda mrefu watu wa Cartier waliwapa kura zao kwa kuamini kwamba mnyonge huhitaji wakili. Bercovitch alipofariki mwishoni mwa mwaka 1942, imani hiyo ikatiwa mizanini.

Uchaguzi mdogo wa tarehe 9 Agosti 1943 ulikuwa na wagombea wakuu wanne. Liberal walimsimamisha Lazarus Phillips, wakili tajiri na mashuhuri. Chama cha wasoshalisti, CCF, kilimleta David Lewis, mzaliwa wa nchi ya Belarusi aliyelelewa Montreal, ambaye baadaye aliongoza New Democratic Party. Wakomunisti, ambao chama chao kilikuwa kimepigwa marufuku tangu mwaka 1940, walimtoa Fred Rose, fundi umeme aliyezaliwa Lublin, Polandi. Na Paul Massé alisimama kwa ajili ya Bloc populaire, chama kilichozaliwa na hasira ya Wafaransa wa Kanada dhidi ya kulazimishwa kwenda vitani. Basi Wayahudi watatu waligombana wao kwa wao, kila mmoja akiwa na jibu lake: huyu akiahidi ulinzi wa watu wenye vyeo, yule mageuzi ya taratibu, na huyu mwingine mapambano ya wafanya kazi. Miezi michache nyuma jeshi la Urusi lilikuwa limewashinda Wajerumani huko Stalingrad, na katika nyumba ambazo jamaa zao waliobaki Ulaya walikuwa wakiangamizwa, habari ile ilikuwa na uzito kuliko hotuba ya wakili yeyote. Rose akashinda, naye alipata kama asilimia 30 tu ya kura, akimtangulia Massé kwa kura zipatazo 150. Phillips na Lewis wakaachwa nyuma. Lau kura za Wayahudi zingetembea kwa pamoja, matokeo yale yasingewezekana.

Mwaka 1945 Rose alichaguliwa tena, lakini mwezi Septemba mwaka ule ule Igor Gouzenko, karani wa ubalozi wa Urusi mjini Ottawa, alitoroka na nyaraka zilizofichua mtandao wa ujasusi. Rose alikamatwa Machi 1946, akatiwa hatiani kwa njama ya kutoa siri, zikiwamo za baruti yenye nguvu iitwayo RDX, akahukumiwa kifungo cha miaka sita; na Januari 1947 Bunge likatangaza kiti chake kuwa wazi. Alipotoka gerezani alihamia Ulaya ya Mashariki, akanyang'anywa uraia wa Kanada mwaka 1957, akafia Warsaw mwaka 1983. Kiti kilirudi kwa Liberal, kwanza kwa Maurice Hartt, kisha mwaka 1950 kwa Leon Crestohl. Na hata katika miaka hiyo watu hawakuacha kubishana, maana mwaka 1949 mshairi A. M. Klein alisimama kwa CCF, akashindwa.

Kilichomaliza jimbo hili hakikuwa ujasusi wala marufuku, bali ni nafuu ya maisha. Watoto wa mafundi cherehani walisoma katika shule ya Baron Byng, barabara ya Saint-Urbain, alikosoma pia Mordecai Richler, mwandishi aliyeufanya mtaa ule ujulikane duniani. Wakawa madaktari, mawakili na wafanya biashara, wakahamia Snowdon na Côte-Saint-Luc, na nafasi zao zikajazwa na Wagiriki na Wareno. Mwaka 1964 sheria iliondoa kazi ya kuchora mipaka mikononi mwa Bunge ikaitia mikononi mwa tume huru, na katika mgawanyo uliofuata Cartier, jimbo dogo lililopungukiwa na watu, halikuweza kusimama peke yake. Milton Klein, aliyechaguliwa mwaka 1963, akawa mbunge wake wa mwisho, na sehemu zake zikagawiwa majimbo ya jirani.

Jamii za asili moja zilizosongamana mahali pamoja huonekana kwa mbali kuwa na sauti moja, na wanasiasa wa kila zama hujaribu kuzinunua kwa jumla, kwa kumtafuta mkubwa mmoja na kudhani kwamba wamewapata wote. Wabunge sita wa Cartier walikuwa wa dini moja kwa sababu watu wa dini hiyo walikuwa wengi kuzunguka karakana zile. Lakini yupi katika wana wa jamii aende Ottawa, na akaseme nini juu ya ujira, vita na haki ya mgeni, ni jambo ambalo mkata nguo na mwenye karakana hawakupata kukubaliana, na kila mmoja aliingia katika chumba cha kura na hesabu yake mwenyewe.