Kutoka karabai hadi LED: kwa nini taa ya mtumbwi inazima wakati betri ni nzima?

Ringwani haiko ufukweni. Ukiwa huko wilayani Serengeti, Ziwa Victoria liko mbali upande wa magharibi. Lakini ukinunua dagaa sokoni, umenunua pia kazi ya taa, kwa sababu dagaa wa ziwani huvuliwa usiku, gizani, kwa kuvutwa na mwanga. Mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wengi hupumzika, maana samaki hawakusanyiki tena kwenye taa. Kwa hiyo taa ikizima saa nane za usiku, tatizo si giza tu. Kazi ya usiku mzima imeharibika, na mtumbwi usioonekana unaweza kugongwa na mwingine.

Uvuvi huu wa taa ulianza kushika kasi ziwani miaka ya 1960, na chombo chake kilikuwa karabai, taa ya mafuta ya taa yenye pampu. Taa za aina hiyo, kama Petromax ya Ujerumani, zilikuwepo tangu mwaka 1910 hivi. Karabai ilikula mafuta mengi, lakini ilikuwa na jambo moja zuri: ikiharibika, unaona. Utambi umechanika, kioo kimepasuka, pampu haishiki. Mvuvi alikuwa fundi wake mwenyewe.

Kisha ikaja LED. Wajapani walipofanikiwa kutengeneza LED ya bluu yenye nguvu mwanzoni mwa miaka ya 1990 (kazi iliyopata Tuzo ya Nobel mwaka 2014), mwanga mweupe wa umeme mdogo ukawezekana. Leo mitumbwi mingi ina taa za LED na betri za volti 12, nyingine ni zile za pikipiki. Mafuta yameondoka, ila ugonjwa umehamia mahali usipopaona: kwenye maungio ya waya.

Kwa nini maungio? Turudi mwaka 1800. Alessandro Volta wa Italia alipanga vipande vya zinki na vya shaba, katikati akaweka kitambaa chenye maji ya chumvi, akapata umeme. Yaani metali mbili tofauti zikigusana na kulowana, tayari una kibetri, na metali moja inaliwa. Mwaka 1824 Humphry Davy wa Uingereza alitumia jambo hilohilo kulinda shaba iliyofunika matumbo ya meli za kivita: alibandika vipande vya zinki au chuma, vipande hivyo vikaliwa, shaba ikapona. Meli za leo bado zinabeba zinki kwa sababu hiyo.

Sasa tazama kibanio cha chuma kilichoshika waya wa shaba kwenye mtumbwi. Ni kibetri cha Volta ambacho hakuna aliyekusudia kukitengeneza. Maji ya ziwa hayana chumvi nyingi kama ya bahari, kwa hiyo kutu inakwenda taratibu zaidi, lakini kila usiku kuna unyevu, na tindikali ya betri inayovuja huongeza kasi. Chuma kinaliwa, shaba inaota ukungu wa kijani, na kutu hiyo inabana umeme.

Hapa anaingia Mjerumani Georg Ohm, aliyeandika mwaka 1827 kwamba volti zinazopotea mahali ni mkondo mara ukinzani wa mahali hapo. Taa ikivuta ampea 1 na kiungio kina omu 2 za kutu, unapoteza volti 2. Taa inabaki na 10, inafifia. Taa ikiwa imezimwa je? Mkondo ni sifuri, basi na upotevu ni sifuri. Mita itakuonyesha volti 12.6 safi kabisa. Ndiyo maana mtu anapima, anaona umeme upo, analaumu taa. Mwingine anaona taa inafifia, analaumu betri, ananunua mpya bila sababu.

Basi pima hivi, mchana, mtumbwi ukiwa nchi kavu. Washa taa kwanza. Pima kwenye vichwa vya betri vyenyewe. Zikishuka haraka chini ya volti 11.5 wakati uliichaji vizuri, betri ndiyo mgonjwa. Zikisimama kwenye 12 na kitu, hamia mwisho wa waya, pale kwenye taa. Tofauti ikizidi nusu volti, mwizi yuko njiani. Kumkamata, weka ncha moja ya mita upande huu wa kiungio na nyingine upande wa pili, taa ikiwaka. Kiungio kizima kitasoma karibu na sifuri. Kibovu kitajitaja chenyewe.

Ukishakipata, chomoa betri, kata waya mpaka ufikie shaba inayong'aa. Usishangae ukikata zaidi ya ulivyodhani, maana maji hutambaa ndani ya plastiki ya waya na kuigeuza shaba nyeusi. Unga upya kwa risasi ya kulehemu, funika vizuri, paka grisi vichwa vya betri, weka fyuzi karibu na betri, na kipandishe kiungio juu ya maji yanayotuama chini ya mtumbwi.

Mvuvi wa enzi za karabai alijua taa yake ndani na nje. Wa LED anaweza kuijua vilevile. Mita ya bei nafuu ni rahisi kuliko betri mpya, na betri ya zamani iliyotupwa ina risasi, sumu ambayo hatuitaki kwenye ziwa linalotulisha.