Cheche za injini ya petroli zinavyoweza kuangusha ndege ya rimoti

Kama una redio ya zamani ya AM nyumbani, pikipiki ikipita nje unaweza kuisikia ikikwaruza. Hizo ni cheche za plagi. Sasa weka injini ya namna hiyo ndani ya ndege ndogo ya rimoti, karibu na risiva inayopokea amri zako. Ndege ya injini ya cc 50 inafika kilo 7 na zaidi, na ikipoteza mawasiliano haichagui pa kuangukia.

Injini ndogo za methanoli hazina shida hii. Plagi yake ina kiwaya kinachobaki chekundu kwa joto, hakuna cheche. Petroli inataka cheche ya maelfu ya volti, na kila cheche hurusha mawimbi ya redio kwenye masafa mengi kwa mpigo. Wala si ajabu: mwaka 1901 Marconi alivusha ishara Atlantiki kwa mtambo wa cheche.

Enzi za rimoti za FM, megahezi 72 kule Marekani na 35 Uingereza, ndege nyingi zilisumbuliwa hivyo. Rimoti za leo za gigahezi 2.4 zinavumilia zaidi. Lakini usijisahau, kelele hupita pia kwenye nyaya mpaka kwenye risiva.

Anza na kofia ya plagi. Waya wa volti kubwa hufunikwa kwa suka ya chuma hadi kwenye kofia, na kofia lazima iubane mwili wa plagi kweli kweli. Ikicheza hata kidogo, kelele inatoka na mengine yote uliyofanya ni kazi bure. Plagi yenye rezista ndani nayo husaidia.

Halafu umbali. Kisanduku cha kuwashia, betri yake na swichi yake vikae mbele na injini. Risiva na betri yake virudi nyuma, sentimita 30 hivi au zaidi. Usitumie betri moja kwa vyote. Fimbo ya kabureta iwe ya plastiki, kwa sababu ya chuma inabeba kelele moja kwa moja hadi kwenye servo. Ukiweka swichi ya kuzima injini kwa rimoti, chukua ile inayopitisha amri kwa mwanga, haiunganishi nyaya za pande mbili.

Kabla ya kurusha, weka rimoti kwenye hali ya kupima umbali, ambayo hupunguza nguvu yake. Mwenzako aishike ndege kwa nguvu, wewe rudi nyuma hatua 30 au kama kijitabu kinavyosema. Pima injini ikiwa imezimwa, kisha ikiwaka, taratibu hadi kasi ya juu. Servo zikitikisika injini ikiwaka tu, usiruke. Zima, kagua kofia ya plagi, pima tena.