Mto Wetu Unaishia Pangani

Ukisimama kwenye daraja la Kikafu, si mbali na Kwa Sadala, maji yanayopita chini yako yanaelekea Pangani. Yanaingia Kikuletwa, yanatulia bwawani Nyumba ya Mungu, kisha yanashuka hadi baharini, kwenye mji mdogo wa milango ya nakshi na kuta kuukuu za mawe. Nimevuka daraja hilo utoto wangu wote bila kulijua hilo. Shuleni Hans Meyer alikuwa somo zima. Pangani ilikuwa jibu la swali moja tu la mtihani: Abushiri alinyongwa wapi?

Kumbe ni kisa kimoja. Agosti 1888 Emil von Zelewski, wakala wa kampuni ya Wajerumani, alipandisha bendera ya kampuni yake Pangani, na mji ukachafuka. Wakati huohuo Meyer na mwenzake Oscar Baumann walikuwa Usambara, safari yao ya Kilimanjaro imevunjika. Waliporudi pwani wakaangukia mikononi mwa watu wa Abushiri bin Salim al-Harthi, wakatiwa minyororo mpaka fidia ilipolipwa. Yaani aliyekuja kuitwa mshindi wa mlima wetu alianza kwa kuwa mateka wa watu wa bondeni! Mwaka uliofuata alirudi, na tarehe 6 Oktoba 1889 akafika kileleni na Ludwig Purtscheller. Siku 70 baadaye, tarehe 15 Desemba, Abushiri akanyongwa Pangani.

Wapenzi wa fasihi wanaijua vita hiyo kupitia utenzi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, na wanafanya vizuri kuanzia hapo, maana ni sauti ya pwani yenyewe.

Lakini mimi nakwama mahali pengine. Abushiri alikuwa na shamba la miwa, na miwa ya bonde la Pangani ililimwa na watumwa. Misafara ya mji huo ilipanda mpaka huku Uchagani kutafuta pembe na watu, na baadhi ya mamangi wetu waliwauza mateka wao wa vita. Kwa hiyo shujaa wa kitabu changu cha darasani huenda alikula jasho la mtu aliyezaliwa jirani na kwetu.

Meyer ana bamba lake Marangu. Abushiri ana swali lake la mtihani. Waliokata miwa ile sijawahi kuulizwa hata jina la mmoja wao.