Kukesha Siyo Kuacha Jembe

Leo tunaandika historia, lakini tunaanza na aibu yetu wenyewe.

Kuna mwaka, mwezi wa pili, watu wakiwa wanalima kungojea mvua za mwezi wa tatu, alikuja mhubiri mgeni kwenye kijiji kimoja hapa kambini. Tulikesha naye usiku mzima. Alisema Bwana atarudi kabla ya maharage kuiva, na anayepanda msimu huu hana imani. Tulipiga makofi, tukasema amina. Asubuhi tukaenda kulala. Lakini mama mmoja jirani yetu hakulala. Aliuza mbuzi wake wawili na mbegu zote, pesa akatoa sadaka, shamba likabaki majani. Mhubiri akapanda boda kuelekea Mbarara na hatujamuona tena. Mwezi wa sita, sisi tukivuna, watoto wa yule mama walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba na sahani.

Hatukuuza mbuzi wake sisi. Lakini amina ilikuwa yetu. Na kati yetu walikuwepo waliojua habari za Kanungu, wakanyamaza. Basi tusinyamaze tena.

Kanungu siyo mbali. Unatoka Mbarara, unapita Ntungamo na Rukungiri, unafika. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Credonia Mwerinde, mwanamke aliyesema anatokewa na Bikira Maria, alikutana na Joseph Kibwetere, mtu aliyeheshimiwa sana Ntungamo. Wakaanzisha kundi la kurudisha Amri Kumi za Mungu. Padri Dominic Kataribabo, aliyesoma mpaka Marekani, akajiunga nao. Waumini wao walikuwa watu wa sala. Waliuza mashamba na mifugo, pesa wakapeleka kwa viongozi, wakaishi pamoja wakifunga na kunyamaza. Waliambiwa dunia inaisha tarehe 31 Desemba 1999. Siku ikapita. Wengine wakaanza kudai mali zao, na viongozi wakatoa siku nyingine. Tarehe 17 Machi 2000 jengo walilosalia liliwaka moto wakiwa wamefungiwa ndani. Walikufa mamia, na watoto wengi. Baadaye polisi walifukua maiti nyingine kwenye nyumba za kundi hilo sehemu mbalimbali, hata Buziga kule Kampala.

Msiseme ni mambo ya zamani. Mwaka 2023, Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 msituni. Mashtaka yanasema waumini waliambiwa wafunge kula mpaka wakutane na Yesu. Mchungaji Paul Mackenzie alishtakiwa na alikana.

Sasa tuulize: je, kukesha kwenyewe ni kubaya? Hapana. Yesu mwenyewe aliwaambia wanafunzi wake wakeshe. Lakini tusome yote. Katika Mathayo 24 anasema hakuna anayejua siku wala saa, hata malaika hawajui. Kwa hiyo anayekuletea tarehe amejiweka juu ya malaika. Halafu mlango huo huo unamsifu mtumwa gani? Siyo yule aliyekaa mlangoni akitazama njia. Ni yule ambaye bwana wake akirudi anamkuta anawagawia wenzake chakula kwa wakati wake. Ninyi mnaosimama na orodha pale kwenye mgao, neno hili linawahusu. Katika Mathayo 25 kuna wale wasichana kumi wenye taa. Tukihubiri tunasema watano walilala na watano walikesha. Siyo hivyo! Wote kumi walisinzia. Tofauti yao ilikuwa mafuta, yaani maandalizi waliyoyafanya mapema. Na Wakristo wa Thesalonike, wengine waliacha kazi, wakawa wanazurura, ndipo wakaandikiwa barua kwamba asiyetaka kufanya kazi asile.

Halafu kuna historia ambayo wengi wetu hatukuwahi kuisikia. Huu mkesha wa mwaka mpya tunaoufanya kila 31 Desemba, wenye mchango mkubwa kuuanzisha ni wakimbizi. Mwaka 1722 Waprotestanti kutoka Moravia, walioteswa kwa sababu ya imani yao, walivuka mpaka usiku wakaingia Saksonia, Ujerumani. Tajiri mmoja, Zinzendorf, akawapa ardhi. Seremala Christian David akakata mti wa kwanza, wakaanza kujenga. Walipaita Herrnhut, maana yake ni mahali pa ulinzi wa Bwana. Yaani ilikuwa settlement kama hii yetu. Na kama yetu, ilijaa ugomvi: watu wa makanisa tofauti, kila mmoja anasema yeye ndiye sahihi. Mwaka 1727 walikaa chini wakaandika kanuni za kuishi pamoja. Mwezi wa nane mwaka huo wakapangana zamu, wanaume 24 na wanawake 24, kila mtu saa yake, ili maombi yasikatike mchana wala usiku. Zamu hizo zilirithishana kwa miaka 100 hivi. Mwaka 1733 wakafanya mkesha wa kufunga mwaka.

Angalieni hiyo zamu ilifanya kazi gani. Mtu anaomba saa yake, halafu anarudi kwenye kazi yake. Kutoka kijiji hicho, mwaka 1732 mfinyanzi Leonhard Dober na seremala David Nitschmann walisafiri mpaka visiwa vya Karibi kwa ajili ya watumwa. Mwaka 1891 Wamoravian wakafika Rungwe, Tanganyika. Leo kanisa lao ni kubwa huko Mbeya na Tabora, na baadhi ya wazee wetu waliopitia Tanzania wanalijua vizuri. Kutoka Herrnhut mkesha ulienda pia kwa John Wesley, Uingereza. Na usiku wa 31 Desemba 1862, watu weusi Marekani walikesha makanisani kungojea tangazo la kuwaacha huru lililotoka kesho yake, 1 Januari 1863. Hao walikuwa wanangojea haki yao.

Turudi nyumbani. Mwaka 1929, kwenye kilima cha Namirembe, Simeoni Nsibambi, Mganda, alikutana na daktari Mwingereza Joe Church aliyefanya kazi Gahini, Rwanda. Walisoma Biblia na kuomba pamoja. Kutoka hapo ukawaka uamsho uliopita Rwanda, Burundi, Kigezi, Ankole, Kenya na Tanganyika. Ndiyo asili ya neno walokole. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, aliona kanisa limelala. Alikufa Januari 1936 akiwa bado kijana, na neno alilotuachia ni moja la Kiganda: Zukuka. Sisi tungesema, amka, zinduka.

Walokole wa kwanza waliamkaje? Walisimama mbele ya watu wakasema dhambi zao kwa jina. Walirudisha vitu walivyoiba. Walilipa madeni. Mtu wa kabila hili alimwomba msamaha mtu wa kabila lile. Hiyo waliita kutembea nuruni. Kati ya Wanyarwanda waliokimbia kuanzia 1959 walikuwemo walokole, na ni kwa ajili ya wakimbizi hao Nakivale ilianza, kabla wazazi wetu hawajazaliwa. Njia hiyo ilikwenda pia upande wa pili. Februari 1977, baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa wakati wa Idi Amin, Askofu Festo Kivengere wa Kigezi na mke wake walipanda milima usiku kwa miguu mpaka Rwanda. Mganda akawa mkimbizi. Akiwa uhamishoni hakukaa kuhesabu siku. Alisaidia wakimbizi wenzake, na aliandika kitabu cha kumsamehe Amin.

Tunaelewa kwa nini mahubiri ya tarehe yanatuingia haraka. Maisha ya kambi ni kungoja. Unangoja hadhi ya ukimbizi, unangoja jina kwenye ubao, unangoja ndege ya kwenda nchi ya tatu. Wengine hawatengenezi hata paa linalovuja kwa sababu wanasema mwaka huu tunaondoka. Mgao ukipungua, mtu anatafuta mlango wowote wa kutokea. Kwa hiyo ndugu zetu wa mashirika, msimcheke mama yule. Mtu ambaye miaka yote ameambiwa ngoja, akipewa tarehe anaishika. Mkiwa na habari ya kweli kuhusu mgao au safari, tupeni mapema, hata kama ni mbaya.

Na sisi vijana tumefanya nini? Tulienda kwa yule mama, tukasema mbele yake kwamba tulijua na tulinyamaza. Alitukalia kimya muda mrefu. Halafu akasema, "Watoto wangu, mngeniambia." Ni hayo tu. Msimu uliofuata tulimlimia shamba lake, kila mmoja akatoa kikombe cha mbegu. Mbuzi hatujaweza kurudisha wote, tumempelekea mmoja. Deni bado lipo.

Tumekubaliana mambo matatu. Mikesha tutaendelea nayo, kwa sababu tunaipenda na inatupa nguvu. Lakini akisimama mtu kutaja tarehe, au kusema uza ulicho nacho uniletee, mmoja wetu atasimama hapo hapo amuulize, hata kama ni mtu mzima, kwa heshima. Na asubuhi baada ya mkesha, kabla ya kulala, tutapita kwa mgonjwa mmoja au mjane mmoja kumchotea maji.

Mvua ziko karibu. Tupande.

Mungu awabariki. Kama wazazi wenu walikuwa walokole huko Rwanda, Burundi, Congo au hapa Ankole, tuandikieni walichowasimulia, tutakiweka hapa ili wadogo zetu wajue.