Sakafu ya nyonga, au kiwambo cha nyonga?

Mchezaji wa netiboli akidaka mpira hewani hutua na kusimama papo hapo, kwa kuwa sheria haimruhusu kutembea nao. Kishindo hupanda mguuni hadi nyongani, na wakati huohuo vyote vilivyomo tumboni husukumwa chini. Kinachovipokea ni misuli ambayo vipeperushi vya hospitali huiita "misuli ya sakafu ya nyonga". Wachezaji wengi hawajapata kulisikia jina hilo. Wanachokijua ni kwenda chooni mara tatu kabla ya filimbi, kujinyima maji tangu asubuhi, na kuomba nguo ya mazoezi iwe nyeusi.

Jina limetafsiriwa neno kwa neno kutoka Kiingereza. Sina ugomvi na tafsiri ya namna hiyo inapofaa, lakini hii haifai, na sababu iko ndani ya neno "sakafu" lenyewe. Tulilitoa katika Kiarabu, ambako maana yake ni paa au dari. Katika nyumba za mawe za Lamu na Unguja, mafundi walilaza boriti za mikoko, wakapanga mawe juu yake, wakamwaga chokaa, kisha watu wakaiponda kwa vijiti huku wakiimba hadi ikashikana. Kazi hiyo ilikuwa paa kwa aliye chini, na kwa aliye ghorofani ilikuwa pa kukanyaga. Naona ndiyo njia iliyoliteremsha neno kutoka kichwani hadi miguuni. Paani au chini, sifa yake ilibaki ile ile: sakafu njema ni ngumu na haitikisiki.

Misuli ya nyonga haiko hivyo hata kidogo. Imetandazwa kutoka mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma, ikaacha upenyo kwa njia ya mkojo, uke na njia ya haja kubwa. Juu yake vimekaa kibofu, mji wa mimba na mwisho wa utumbo mpana. Ukivuta pumzi, inashuka kidogo. Ukiitoa, inapanda. Ukitaka kupiga chafya, hubana kabla chafya haijatoka, bila wewe kuiamuru. Ni kitu kinachocheza mchana kutwa.

Kiswahili kina neno la kitu cha namna hiyo. Tunawamba kitanda kwa kamba, tunawamba ngoma kwa ngozi, na ile ngozi iliyovutwa juu ya mzinga huitwa kiwambo. Vitabu vya biolojia vimekwisha kulitumia neno hilo kwa msuli unaotenga kifua na tumbo, ule unaoendesha pumzi. Na wataalamu wa anatomia, katika Kilatini chao, wameupa utando wa misuli ya nyonga jina lilelile la msuli wa pumzi. Basi tuna viwambo viwili, cha juu na cha chini, vinavyoshuka na kupanda pamoja. Mwanamke akiambiwa hivyo, ataelewa mara moja kwa nini mkufunzi anamtaka atoe pumzi anaponyanyua chuma, asiizuie kifuani.

Neno "kiwambo" lina faida nyingine ambayo kwangu ndiyo kubwa zaidi. Sakafu ikipasuka, mtu huwaza kuvunja na kujenga upya. Kitanda cha kamba kikilegea, hukazwa. Ndivyo ilivyo kwa misuli hii. Daktari wa Marekani Arnold Kegel aliandika mwaka 1948 kwamba inaweza kufundishwa kama misuli mingine, na mazoezi yaliyobeba jina lake yangali tiba ya kwanza ya kuvuja mkojo mtu anapokohoa, anaporuka au anapokimbia. Miongozo ya Uingereza inataka kubana angalau mara 8 kwa mpigo, mara 3 kwa siku, kwa muda wa miezi 3 au zaidi. Unabana kama mtu anayezuia upepo na mkojo kwa pamoja, unashikilia, kisha unaachia kabisa. Hapo pa kuachia wengi hupasahau, na neno "sakafu" haliwakumbushi. Kiwambo kilichovutwa kupita kiasi nacho ni kibovu: misuli isiyojua kulegea huleta maumivu, na wapo wanamichezo wenye tatizo hilo hasa. Hao hawahitaji kubana zaidi.

Wengine hudhani haya ni ya waliozaa tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 uliwauliza wasichana na wanawake 35 wa Sweden wanaoruka trampolini katika ngazi ya juu, wote wakiwa hawajawahi kuzaa. Waliosema mkojo huwavuja wakiruka walikuwa 28. Hao walikuwa na miili yenye nguvu kuliko wengi wetu.

Nalipenda pia neno "kuvuja". Tukisema "kujikojolea" tumemweka mwanamichezo pamoja na mtoto mchanga na mlevi, naye atanyamaza, na hatimaye ataacha mchezo. Ila tusichanganye mambo: mkojo unaotiririka usiku na mchana baada ya uzazi wa taabu huenda ni fistula, yaani tundu, na hakuna zoezi la kuliziba. Huyo apelekwe hospitali, kwa kuwa upasuaji upo.

"Nyonga" nayo ina utata wake, maana kwa wengi ni kiungo cha paja, lakini hiyo tunaweza kuishi nayo.

Ninayemwomba zaidi ni kocha. Kabla ya kumwambia binti "kaza", mweleze kwamba ana kiwambo cha nyonga, mwonyeshe kinavyopanda na pumzi, kisha mruhusu anywe maji.